Umusambi si pambo la bustani

MIAKA 15 iliyopita, ukipita katika mitaa ya wenye nacho jijini Kigali, haikuwa ajabu kuchungulia juu ya ua na kuona ndege wawili warefu, shingo za kijivu, taji la rangi ya dhahabu kichwani, wakitembea taratibu juu ya majani yaliyokatwa vizuri kama waheshimiwa waliochelewa harusini. Hoteli nazo zilikuwa nao. Wageni walipiga picha, watoto waliwarushia vipande vya mkate, na mwenye nyumba alijiona mtu wa maana. Ndege huyo ndiye umusambi, ambaye kwa Kiswahili tunamwita korongo mwenye taji, na ambaye majirani zetu wa Uganda wamemweka katikati ya bendera yao.

Leo wengi wa ndege hao wameshatoka katika bustani za watu. Lakini hoja iliyowaingiza humo haijatoka katika vichwa vyetu. Mimi ni mwalimu huku Nyagatare, na katika mdahalo wa shule wanafunzi wangu walinibana kwa swali ambalo nadhani wasomaji wengi wa ukurasa huu nao wanalo: kama mtu anamlisha ndege, anamlinda na anampenda, kuna ubaya gani kumfuga? Vijana hawa si wajinga. Wengine wazazi wao wanafanya biashara ya kuvuka mpaka pale Kagitumba, na wanajua kwamba kila kitu kina bei. Swali lao linastahili jibu refu kuliko lile la "sheria inakataza".

Tuanze na jinsi ndege huyo alivyofika kwenye bustani, maana hapo ndipo mambo mengi yanapojificha. Umusambi hutaga katika kinamasi, mayai mawili hadi manne kwenye kiota cha majani katikati ya maji. Dume na jike hukaa pamoja miaka na miaka, na wote wawili hulea. Mtoto wa kijiji anayechunga mbuzi kando ya kinamasi ndiye anayejua kiota kilipo. Huchukua kifaranga kabla hakijaweza kuruka, humpa mtu wa kati, na mtu wa kati humpeleka mjini. Kijana hupata fedha ya sabuni na daftari. Anayekuja kupata faida ni yule wa mwisho kwenye mnyororo, na anayepokea sifa ni yule mwenye bustani.

Kisha kuna suala la mabawa. Ndege mwenye mabawa mazima hakai bustanini. Kwa hiyo hukatwa manyoya ya bawa moja, ambayo huota tena na kulazimu kukatwa tena, au hufanyiwa ukatili mkubwa zaidi wa kukatwa kiungo cha mwisho cha bawa lenyewe. Hicho hakioti tena. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Katika makorongo wote duniani, hawa wenye taji peke yao ndio wanaolala juu ya miti, kwa sababu wana kidole cha nyuma kinachoweza kushika tawi. Umkate bawa, umemnyima kitanda. Usiku mzima anasimama chini, mahali mbwa wa jirani anapopita. Ongeza chakula cha mabaki ya wali na mkate kwa ndege aliyezoea wadudu, mbegu na vyura, na utaelewa kwa nini wengi waliishia kufa, na kwa nini wachache sana waliweza kutaga na kulea humo bustanini. Mwenye nyumba alipofiwa na mmoja, alituma aletewe mwingine.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza kwa wanafunzi lilikuwa hili: ukimwona ndege mmoja bustanini usimhesabu yeye peke yake. Hesabu na wale waliokufa njiani, na wazazi waliobaki kwenye kiota kitupu.

Mwaka 2012 muungano wa kimataifa wa uhifadhi, IUCN, ulimweka korongo huyu katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka. Hapa kwetu kazi ya kumrudisha porini ilianza mwaka 2014, ikiongozwa na daktari wa mifugo na wanyamapori Mnyarwanda, Olivier Nsengimana, ambaye kabla ya hapo alikuwa akitibu sokwe wa milimani. Pamoja na serikali walitangaza msamaha. Ujumbe ulipita redioni: mwenye umusambi ajiandikishe, hatashtakiwa. Wataalamu walikwenda nyumba kwa nyumba, wakapima afya za ndege, wakawavisha pete mguuni, kisha wakawachukua, wakawaweka karantini na kuwapeleka Hifadhi ya Akagera. Zaidi ya 200 walitolewa vifungoni kwa njia hiyo. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata makorongo 487 porini. Ile ya mwaka 2021 ilipata 881, na baada ya hapo idadi ikavuka 1,000.

Nimesifu, lakini sina budi kueleza pia kwa nini naamini njia ile ilifaulu. Ilifaulu kwa sababu haikuanza na pingu. Ingeanza na polisi kugonga geti, ndege wangechinjwa usiku na kufukiwa. Viongozi wetu wanaopenda kuanza kila jambo kwa faini wangefaa kujifunza hapo.

Sasa turudi kwenye hoja ya "analishwa, anapendwa". Nimezaliwa Karagwe mwaka 1979, katika familia iliyokimbia nchi hii wakati wa vurugu za 1959. Nimesoma huko hadi kidato cha nne, na Kiswahili ninachoandikia hapa nilikipata kwa walimu wa Kitanzania ambao nawashukuru mpaka leo. Hatukunyanyaswa. Tulikuwa na shamba la migomba, tulikuwa na ng'ombe, tulikuwa na majirani wema waliotualika misibani na harusini. Bado marehemu baba aliweka redio yake jirani na kitanda kwa miaka yote hiyo, akisubiri habari moja tu. Aliyewahi kula chakula cha ugenini anajua kwamba shibe ni jambo moja na kuwa kwako ni jambo jingine. Sitaki kumfananisha binadamu na ndege. Baba aliweza kusema, aliweza kuomba karatasi, na siku ilipofika aliweza kuamua mwenyewe kupanda lori. Ninachosema ni kwamba sisi tuliorudi ndio watu wa mwisho tunaopaswa kudanganywa na neno "analishwa".

Na tusisahau tuliporudi tulikaa wapi. Hifadhi ya Akagera ilikuwa na ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 2,500. Mwaka 1997 ilipunguzwa hadi kama 1,120 ili watu waliorejea na mifugo yao wapate ardhi. Sehemu ya Nyagatare ninapofundisha, na shamba ambalo mama yangu analima maharage, ilikuwa ya swala na nyati. Sioni haya kwa hilo. Watu walirudi kwao na walihitaji mahali pa kulala. Lakini maana yake ni kwamba kile kipande kilichobaki ndicho chote walicho nacho wanyama hawa upande huu wa nchi. Umusambi anayetolewa Kigali na kupelekwa Akagera anapelekwa katika nusu ya nyumba yake, ile nyingine tunaishi sisi. Tukimfuata hata humo na kumtoa kwa ajili ya bustani, tunataka nini zaidi?

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tano, binti mwenye ulimi mkali, alinijibu hivi: basi mwalimu, tufungulie na ng'ombe. Darasa zima lilicheka, ila hoja yake ni nzito. Mnyarwanda gani ataambiwa kwamba kufuga ni dhambi? Ng'ombe kwetu ana jina, ana mashairi yake, ndiye zawadi ya urafiki na ya ndoa. Mpango wa Girinka ulioanza mwaka 2006 umegawa ng'ombe kwa familia maskini na kuwapa watoto maziwa. Hakuna anayeweza kusema kwamba hatujui kupenda mnyama.

Tofauti ninayoiona ni hii. Ng'ombe, mbuzi, kuku, mbwa na paka wameishi na binadamu kwa maelfu ya miaka, wamezaliwa mikononi mwake, na ukimfungulia ng'ombe wa kisasa leo jioni atarudi zizini mwenyewe akilia akamuliwe. Kati yetu na wao kuna mapatano ya zamani, hata kama sisi ndio tulioyaandika. Umusambi hajawahi kuingia mapatano hayo. Ili akae kwako ni lazima umvunje kwanza. Mnyama ambaye hawezi kukaa na wewe mpaka umkate kiungo, huyo amekwishakujibu kama anataka kukaa au la.

Lakini sitaki wenye mbwa wajifute jasho mapema mno. Mbwa naye ana madai yake, na sisi tumekuwa wadeni wabaya. Tembea usiku katika mji wowote wa mpakani usikilize: mbwa aliyefungwa mnyororo wa mita moja na nusu tangu akiwa mtoto, anayekula ikikumbukwa, ambaye kazi yake ni kubweka. Wapo walioona mambo ya mwaka 1994, mbwa walipokula maiti na wanajeshi wakawapiga risasi, na kwao mbwa hawezi tena kuwa rafiki. Hao nawaelewa na siwalaumu. Ila kama humpendi, usimfuge. Na kama unamfuga, mchanje. Kichaa cha mbwa huua watu wanaokadiriwa kufikia 59,000 kila mwaka duniani, karibu wote Afrika na Asia, na karibu wote kwa kuumwa na mbwa. Wataalamu wanasema ukichanja asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa unakatika. Dalili zikishaanza kwa aliyeumwa, hospitali karibu haina la kufanya. Huyo mtoto anayeumwa mara nyingi si wa mwenye mbwa, ni wa jirani anayekwenda kuteka maji.

Niende kwa wafanyabiashara, maana najua mko wengi mnaosoma ukurasa huu mkisubiri foleni ya uhamiaji.

Umusambi kwa sasa ana watetezi hapa nchini. Kasuku hana. Namzungumzia yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa misitu ya Kongo, ambaye husifiwa kuliko ndege wote kwa kuiga maneno. Kati ya mwaka 1982 na 2001 zaidi ya 600,000 waliokamatwa porini waliingia katika biashara halali ya kimataifa, na hao ni walioandikwa. Waliokufa kabla ya kusafirishwa, kwenye gundi ya ulimbo, kwenye magunia na masanduku, wataalamu wanawakadiria kuwa karibu nusu ya waliokamatwa, wengine wanasema zaidi. Jumuiya ya Ulaya ilifunga mlango kwa ndege wa porini mwaka 2005 kwa hofu ya mafua ya ndege, ikaufunga moja kwa moja mwaka 2007. Kisha mkutano wa mkataba wa CITES uliofanyika Johannesburg mwaka 2016 ukampandisha kasuku huyu daraja la kwanza la ulinzi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya kasuku wa porini ni marufuku. Nchi zetu zote hizi, Rwanda, Burundi, Uganda, Tanzania, Kenya na Kongo, zimetia saini mkataba huo.

Marufuku haikuondoa wanunuzi. Iliwasogeza tu gizani. Mwaka 2022 upande wa Uganda walikamatwa kasuku zaidi ya 100 waliokuwa wakitolewa Kongo, baadhi wakiwa wamekwishakufa. Na ndege si peke yao. Watanzania hawajasahau mwaka 2010, wanyama hai zaidi ya 100, wakiwemo twiga wanne, walipopakiwa kwenye ndege uwanja wa Kilimanjaro na kupelekwa Qatar. Bunge lilichachamaa, na mwaka 2016 serikali ya huko ikazuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Inasemwa mara nyingi kwamba soko liko Uarabuni, Ulaya na Asia, na ni kweli. Lakini sanduku haliendi lenyewe. Linabebwa na mtu wetu.

Hapo ndipo linaponiudhi jambo hili. Mama anayevuka kila siku na ndoo ya nyanya anaombwa na mtu asiyemjua vizuri: nisaidie kupitisha hiki kikapu, kuna ndege tu, utapata elfu kadhaa upande wa pili. Anaona ni msaada mdogo. Akikamatwa, kikapu ni chake. Mwenye mali hayupo, simu yake haipatikani. Mama analala rumande, nyanya zinaoza, watoto wanabaki na bibi. Mnunuzi aliyeagiza yuko sebuleni kwake, hajui hata Rusizi iko wapi, na atamfundisha ndege wa kwanza atakayefika kusema "habari ya asubuhi".

Kasuku huyo anayesema habari ya asubuhi si mashine. Huko Marekani mtafiti Irene Pepperberg alifanya kazi kwa miaka 30 na kasuku mmoja wa aina hii aliyeitwa Alex, aliyekufa mwaka 2007. Alex alitaja rangi, alitofautisha maumbo, alihesabu hadi sita. Kiumbe mwenye akili hiyo porini huruka katika makundi makubwa. Mfungie peke yake kwenye tundu la waya, na mara nyingi utamkuta anajinyofoa manyoya kifuani mpaka ngozi inabaki wazi. Wenye nyumba hudhani ni ugonjwa wa ngozi.

Wapo watakaosema mwalimu anawaonea maskini huruma upande mmoja na kuwanyima riziki upande mwingine. Nalikubali hilo kwa kiasi. Tuchukue kinamasi cha Rugezi kule kaskazini, ambacho ni makazi makubwa ya imisambi na kimo katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Miaka ya mwanzo ya 2000 maji yalipopungua na umeme wa Ntaruka ukashuka, serikali iliwatoa watu waliokuwa wakilima ndani ya kinamasi ili maji yarudi. Maji yalirudi, umeme ukarudi, ndege wakanufaika. Aliyelipa ni mkulima mdogo aliyekuwa na viazi vyake pale ukingoni, na huyohuyo ndiye anayeamka asubuhi na kukuta korongo wamefukua mahindi aliyopanda jana. Kumwambia mtu huyo habari za uzuri wa taji bila kumpa kitu ni kumtukana. Ndiyo maana naona la busara zaidi katika kazi ya akina Nsengimana si ile ya kuwatoa ndege bustanini, ni kuajiri wanavijiji wa Rugezi kuwa walinzi wa kinamasi. Kijana anayejua kiota kilipo analipwa kukilinda. Fedha si nyingi, lakini ni ya kila mwezi, na haina polisi nyuma yake. Ingefaa mkulima naye afikiriwe fidia ya mahindi. Hilo bado naliona linasemwa kwenye mikutano zaidi kuliko linavyofanyika mashambani.

Kuna swali moja ambalo wanafunzi waliniachia na ambalo halina jibu jepesi. Tufanye nini na wale ambao hawawezi tena kuruka? Kati ya ndege waliokusanywa, kama 50 walikuwa wamevunjwa au kukatwa mabawa kiasi kwamba kuwarudisha Akagera kungekuwa kuwatupa. Walijengewa makazi Kigali, mahali panapoitwa Umusambi Village, kinamasi kilichofufuliwa chenye hekta 21 hivi. Wanatembea humo kwenye majani marefu na maji, wanakula wanachokula ndege wa porini, wala hawako kwenye tundu.

Baadhi ya wanafunzi walisema hiyo nayo ni bustani, ila kubwa. Wengine walisema tofauti ni kwamba hapa hakuna ndege mpya anayekamatwa ili kujaza nafasi. Mimi niko na hawa wa pili. Umusambi anaweza kuishi zaidi ya miaka 20 akitunzwa, kwa hiyo waliokatwa mabawa kabla ya mwaka 2014 huenda baadhi yao watakuwa hai wakati wanafunzi wangu wana watoto shuleni. Chakula chao, daktari wao na mlinzi wao vitahitaji fedha kwa miaka hiyo yote, na sehemu ya fedha hiyo inatoka kwa wageni wanaolipa kiingilio getini. Wenye bustani waliowakata hawachangii kitu. Nilipowaambia wanafunzi hilo, yule binti wa ulimi mkali aliuliza kama majina yao yaliandikwa mahali siku ile ndege walipovishwa pete.

Nilimwambia waliahidiwa kwamba hawatashtakiwa. Akasema hakuuliza habari ya mashtaka, ameuliza habari ya kiingilio.